Tundu la Nyuma: Historia ya Televisheni Moja na Sidii ya Pundanhar

Mwezi wa Julai 2024 mjomba wangu alifika Mtwara kutoka Pemba ili atolewe mtoto wa jicho. Ninaposema Pemba namaanisha mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, si kisiwa. Wenzangu darasani hunikosea hapo kila mara. Ndani ya begi lake, chini ya kanzu mbili, katika mfuko wa kitambaa alimokuwa anatunzia msahafu, alikuwa na sidii moja isiyo na jalada. Juu yake paliandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Harusi, Pundanhar, 2009. Alisema ataitazama jicho likipona.

Harusi hiyo ilikuwa ya mama yangu mdogo. Mimi nilikuwepo, nikiwa mtoto wa miaka sita au saba, lakini ninachokumbuka ni vumbi na biskuti tu. Miaka miwili baadaye nililetwa Mtwara kwa mama mkubwa ili nisome, na sijarudi tena. Mjomba aliondoka Pundanhar mwaka 2020, akapita Palma, kisha Pemba. Bibi yangu, mama yake, alifia njiani. Hakuna picha yake nyingine katika familia yetu. Kwa hiyo jicho lilipofunguliwa na daktari akaruhusu, jambo la kwanza tulilofanya ni kutafuta deki na televisheni, na jambo la pili ni kugundua kwamba haviongei.

Insha hii ni historia ya kutoongea huko. Tulipofundishwa mbinu za utafiti wa historia tuliambiwa kwamba nyaraka si karatasi peke yake. Nilikariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani. Niliielewa nilipolala chali sakafuni nyuma ya televisheni, tochi ya simu mdomoni, nikisoma matundu.

Nianze na banda la mjomba, kwa sababu sidii hii imetoka kwenye dunia ile. Pundanhar ni makao ya posto moja ya utawala katika wilaya ya Palma, bara kidogo kutoka pwani, kwenye njia ya kwenda Nangade, kusini ya mto Ruvuma. Watu huongea Kimakwe, Kimakonde na Kimwani, na Kiswahili kinaeleweka na karibu kila mtu. Kireno ni cha shule na ofisi. Mjomba alikuwa na banda la video: kuta za miti na udongo, makuti juu, mabenchi ya mbao, jenereta nje mbali kidogo ili kelele isizidi sauti ya filamu. Nilipomuuliza alianza lini, hakuwa na mwaka. Akasema, "Kiingilio kilikuwa elfu mbili, halafu kikawa mbili, na mimi sikupunguza bei." Hapo ndipo nilipopata tarehe yangu. Msumbiji ilibadilisha fedha tarehe 1 Julai 2006, sufuri tatu zikaondolewa, metikali elfu moja za zamani zikawa metikali moja mpya. Kwa hiyo banda lilikuwepo kabla ya hapo. Niliandika pembeni ya daftari kwamba nimshukuru mwalimu wangu wa mbinu, kisha sikumshukuru.

Filamu zake zilitoka kaskazini, si kusini. Maputo iko mbali sana na Pundanhar, na televisheni ya taifa, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1981, ilisema Kireno hata pale ilipofika. Sidii zilivuka Ruvuma kutoka Mtwara ndani ya mabegi ya wachuuzi, pamoja na khanga na betri. Nyingi zilikuwa filamu za Marekani, Hong Kong na India zilizosimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Lufufu, jina la usanii la Derek Mukandala, na mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings ameandika kwa kina jinsi wasimuliaji wa Tanzania walivyoipika upya filamu ya kigeni mpaka ikawa chakula cha mtazamaji wao. Baadaye zikaja filamu za Bongo zenyewe. Mjomba anasema siku za Kanumba mabenchi hayakutosha, na kina mama walisimama dirishani bila kulipa, naye akajifanya hawaoni.

Mpaka wa Ruvuma una historia ndefu ya kuhamahama. Pembe ya Kionga, ambayo sasa imo katika wilaya hiyohiyo ya Palma, ilikuwa ya Wajerumani mpaka Wareno walipoiteka mwaka 1916, na baada ya vita ikathibitishwa kuwa yao. Lakini kwa televisheni mto ule haukuwa mpaka. Tanzania na Msumbiji zote zilitumia mfumo wa rangi wa PAL. Hata katika mgawanyo wa kanda za DVD, ambao wenye filamu waliubuni ili sidii ya bara moja isicheze bara jingine, nchi hizi mbili ziliwekwa pamoja kanda ya 5, wakati Afrika Kusini iliwekwa kanda ya 2 pamoja na Ulaya na Japani. Sidii ya Kariakoo ilicheza Pundanhar bila swali. Waya ulikuwa mmoja tu kwa wote: ncha ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Mjomba anauita waya wa rangi tatu, na anasema katika miaka yote ya banda hakuwahi kuuziwa waya mwingine.

Sasa televisheni ya mama mkubwa. Aliinunua mwaka 2022 kwa muuza mitumba ya vifaa vya umeme, kubwa, nzito, kioo kizuri, bei ya kitoto. Ilikuja na boksi la chuma la kupunguza umeme, ambalo mafundi huliita stepu dauni, na muuzaji alisisitiza isichomekwe ukutani bila hilo. Mama mkubwa alilifunika boksi kwa kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake maua ya plastiki. Naomba msomaji alikumbuke boksi hilo. Mimi nilipita karibu nalo siku mbili nzima bila kulitazama.

Nyuma ya televisheni hiyo matundu yamepangwa kama tabaka za udongo anazochimba mwanaakiolojia. Chini kabisa kwa umri ni matundu ya duara ya njano, nyekundu na nyeupe. Aina hiyo ya plagi ilibuniwa na kampuni ya RCA ya Marekani kabla ya miaka ya 1950, kwa ajili ya kuunganisha gramafoni na redio. Pembeni yake kuna matundu mengine matatu ya duara, ya kijani, buluu na nyekundu. Hayo hupitisha picha peke yake, imegawanywa katika nyaya tatu, na yanaweza kubeba picha ya HD. Juu yake kuna tundu moja bapa, jembamba, lenye pini 19: HDMI.

Kati ya tabaka ya pili na ya tatu kuna ugomvi ambao karibu niandike insha nzima juu yake, na kwa kweli niliuandikia kurasa nne kabla ya kugundua kwamba haukuwa ugomvi wetu. Matangazo ya HD ya kidijitali yalianza Marekani Novemba 1998. Waliokimbilia kununua televisheni za HD wakati huo walipata seti zenye zile nyaya tatu za kijani, buluu na nyekundu, kwa sababu HDMI haikuwepo. Toleo lake la kwanza lilitoka Desemba 2002. Wenye filamu hawakuzipenda nyaya hizo. Picha inayopita pale iko wazi, na mtu mwenye kifaa cha kurekodi anaweza kuinakili. Intel ikatengeneza kufuli liitwalo HDCP: deki na televisheni husalimiana kwanza, hubadilishana funguo za siri, na televisheni isiyojua salamu hiyo haipewi picha. Watu walionunua mapema, waliolipa ghali kuliko wote, ndio waliojikuta na seti zisizojua salamu. Ulaya ilijaribu kuzuia mkanganyiko huo kwa lebo ya "HD ready" ya mwaka 2005, iliyotaka kila seti iwe na mistari isiyopungua 720, iwe na zile nyaya tatu, na pia iwe na tundu la kidijitali lenye kufuli hilo.

Kisha Blu-ray ikaja mwaka 2006, ikamshinda mpinzani wake HD DVD ndani ya miaka miwili, na leseni ya ulinzi wake, AACS, ikapanga kifo cha nyaya za zamani kwa kalenda. Deki mpya zilizotoka baada ya mwisho wa 2010 hazikuruhusiwa kutoa picha ya HD ya sidii hizo kwenye matundu ya analogia. Baada ya tarehe 31 Desemba 2013 hazikuruhusiwa kutengenezwa na kutoa kwenye matundu hayo picha yoyote ya sidii hizo, hata ile hafifu. Ndiyo maana ukigeuza deki ya Blu-ray ya leo utakuta tundu moja la HDMI na pengo mahali palipokuwa na rangi. Halikusababishwa na ufundi. Mtu alikaa mezani akaweka tarehe. Kejeli ni kwamba Septemba 2010, wakati tarehe hizo zinakaribia, ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja hadharani na Intel yenyewe ikakiri ni wa kweli. Tarehe hazikusogezwa.

Deki tuliyokuwa nayo ilikuwa ya namna hiyo. Binamu aliileta kutoka Muscat mwaka mmoja nyuma, mpya, nyembamba, nyuma yake HDMI peke yake. Tukaichomeka. Jina la kampuni likatokea kwenye kioo, zuri kabisa. Orodha ya mipangilio ikatokea. Tukaweka sidii, ikazunguka, ikasomwa, kioo kikawa cheusi na maneno madogo ya Kiingereza kwamba ishara haikubaliki. Mjomba, aliyevumilia wiki tatu na kitambaa jichoni, alisema tu, "Imekufa?" Hofu yake ilikuwa na sababu: sidii za kuandikwa nyumbani hutumia tabaka ya rangi ya kemikali inayofifia kwa joto na mwanga, na hii ilikuwa na miaka 15, mingine ya hiyo mikimbizini.

Mimi, kwa kujiamini kwa mwanafunzi aliyesoma makala tatu usiku, nikatangaza kwamba ni HDCP. Nikamweleza mjomba habari za salamu na funguo. Akasikiliza, akauliza, "Kama televisheni hii hajui salamu, mbona ile orodha ya mwanzo tumeiona?" Sikuwa na jibu. Akaomba sidii nyingine. Tukaweka filamu ya Kimarekani ya mkusanyiko wa mtaani, ikacheza. Tukaweka filamu ya Bongo ya mama mkubwa, ya dukani kabisa: kioo cheusi. Fundi wa jirani aliyeitwa akahitimisha kwamba deki inakubali za Kizungu tu, akachukua shilingi elfu tano, akaondoka.

Kumbe alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Jibu lilikuwa chini ya maua ya plastiki. Boksi la kupunguza umeme lilikuwepo kwa sababu televisheni ilitengenezwa kwa umeme wa volti 120, na lebo nyuma yake, niliyoisoma hatimaye, ilisema hivyo na kuongeza mwaka wa kutengenezwa, 2006. Ilikuwa seti ya soko la Marekani. Iliuzwa huko, ikatazamwa huko, ikatupwa au kuuzwa huko kioo bapa kipya kilipotoka, ikapanda kontena. Na Marekani huhesabu picha tofauti na sisi.

Tofauti hiyo ni ya zamani kuliko wote waliokuwa chumbani. Marekani iliweka kanuni zake za televisheni, NTSC, mwaka 1941, ikaongeza rangi mwaka 1953: mistari 525, nusu-picha 60 kwa sekunde, kufuatana na mwendo wa umeme wao. Ulaya yenye umeme wa mizunguko 50 ilikwenda na mistari 625 na nusu-picha 50, na mfumo wa rangi wa PAL ulibuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa Telefunken mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makoloni yalirithi umeme, na pamoja na umeme hesabu. Zanzibar ilipowasha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, takribani miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote, ilikuwa PAL. Kamera iliyopiga harusi ya Pundanhar ilikuwa PAL. Filamu ya Bongo ilikuwa PAL. HD ilipokuja ilitangazwa kama lugha mpya ya dunia nzima, 720 na 1080 kila mahali, lakini 50 na 60 ziliendelea chini yake kama lafudhi. Seti nyingi za HD zilizouzwa Marekani hazikutengenezwa kupokea 50, hata kupitia HDMI. Deki yetu ilionyesha orodha yake kwa 60, televisheni ikaelewa. Ilipokuta harusi ya 50 ikaituma hivyohivyo, televisheni ikafumba macho.

Mwanahistoria Mwingereza David Edgerton, katika kitabu chake cha mwaka 2006, anashikilia kwamba historia ya teknolojia iandikwe kwa kufuata matumizi, si uvumbuzi, kwa sababu vitu vya zamani huendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya vitabu kuvizika. Nakubaliana naye, ila nina jambo dogo la kuongeza kutoka Mtwara. Kitu cha zamani hakiji peke yake. Huja na mazoea ya mahali kilipotumika kwanza, na anayekipokea ndiye anayelazimika kuyagundua, bila kitabu cha maelekezo, kwa kuwa kitabu kilibaki Marekani. Katika historia zinazoandikwa kwa kufuata tarehe za kutolewa, mama mkubwa hayumo: alinunua seti ya 2006 mwaka 2022 na deki ya karibuni, na mahali vilipokutana ni sebuleni kwake.

Ufumbuzi haukuwa wangu. Tulitafuta kwenye mipangilio ya deki ya Muscat namna ya kubadili 50 iwe 60, haikuwepo. Nikapendekeza tukaazime kompyuta. Mjomba akauliza kama kuna kinyozi karibu. Sikuelewa. Akasema vinyozi hawatupi vitu. Kweli, kinyozi wa pili kutoka msikitini alikuwa na deki ya DVD ya Kichina, ya bei rahisi kuliko zote, plastiki imepasuka pembeni, nyuma yake njano, nyekundu na nyeupe. Mjomba aliichukua rimoti akaigeuza kwenye mwanga, akaonyesha kitufe kidogo chenye herufi P/N. "Hiki," akasema. Banda lake lilikuwa na deki za aina hiyo tano kwa miaka yote, na kitufe hicho alikifahamu kwa sababu sidii zilizotoka kwa mabaharia na wageni wa makampuni ya gesi mara nyingine zilileta picha nyeusi na nyeupe inayopanda juu. Hakujua P na N ni nini. Alijua tu kwamba unabonyeza mpaka picha ikae.

Alibonyeza mara mbili. Picha ikakaa.

Deki ya bei rahisi ilikuwa inahesabu upya, 50 kwenda 60, kazi ambayo ile ya ghali haikupewa. Picha ilikuwa pana kuliko inavyopaswa, watu wamenenepa wote, kwa kuwa kamera ya 2009 ilikuwa ya kioo cha mraba na televisheni ikaivuta. Kamera ilipogeuka upande, picha ilikwama-kwama. Tungeweza kurekebisha upana. Mjomba alisema tusiguse kitu.

Sidii ina saa moja na dakika kumi na mbili. Nusu saa ya kwanza ni magari na ngoma. Mama mkubwa aliona nyumba yao kwa nyuma, akataja nani alikuwa anaishi wapi, na mjomba akamsahihisha mara mbili. Alitaja majina kwa utulivu, kama anasoma daftari la mahudhurio: huyu yuko Metuge, huyu yuko Nampula, huyu alirudi Palma, huyu hatujui. Banda lake lilipita kwenye picha kwa sekunde chache, mlango umefungwa kwa sababu ya harusi, na karatasi imebandikwa ukutani isiyosomeka. Nikamuuliza iliandikwa nini. Akasema, "Leo hakuna."

Bibi anatokea dakika ya 41. Amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, anachambua mchele, mpiga picha anamsogelea, naye anainua ungo kuficha uso, anacheka, anasema kitu. Ngoma imefunika maneno. Tulirudisha nyuma mara nyingi. Mama mkubwa anadhani anasema mpiga picha akachukue wanaharusi. Mjomba anadhani anaita jina langu, kwa sababu pembeni mwa picha kuna mguu wa mtoto.

Usiku ule nilitoa waya wa rangi tatu kwenye televisheni nikauingiza kwenye kifaa kidogo cha kunasa picha nilichoazima kwa rafiki anayepiga video za harusi, nikarekodi yote kwenye kompyuta, nikiacha 50 ibaki 50. Nakala moja iko kwenye flashi ya mama mkubwa, nyingine ninayo mimi bwenini. Sidii yenyewe mjomba aliirudisha kwenye mfuko wa kitambaa, akaondoka nayo Agosti.